Stesheni ya Maktau na Reli Iliyokatwa Mpakani

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea Mombasa, kwa kuunganisha daftari langu la safari na picha nilizopiga kwa simu. Pale ambapo mtikisiko wa matatu uliyafanya maandishi yasisomeke, nimeyaacha. Shabaha yangu ilikuwa kuifuata reli ya zamani ya Voi, Taveta na Kahe, iliyotoka Kenya na kuishia upande wa Tanzania, na hasa kusimama katika stesheni ya Maktau, ambayo kwa miezi kadhaa ya mwaka 1915 ilikuwa kikomo cha reli na kambi kubwa ya jeshi, na ambayo leo mabasi ya Mombasa na Moshi huipita bila abiria kuinua shingo.

Jumatano: Mombasa hadi Voi

Nilipanda treni ya asubuhi inayosimama katika miji ya njiani, ile inayoondoka Miritini saa mbili. Msafiri mgeni afike saa nzima kabla, kwa sababu mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wa polisi wainuse, kisha hupitishwa katika mashine, na lango likishafungwa hakuna wa kumlilia. Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia: tuta ni refu, madirisha hayafunguki, na vichaka vya Taru vinapita kwa mbali.

Stesheni mpya ya Voi iko nje ya mji, nami nilimlipa kijana wa bodaboda shilingi 100 anifikishe stesheni ya zamani. Treni ya abiria ya reli hiyo ya zamani ilikoma mwaka 2017, mwaka uleule reli mpya ilipozinduliwa. Reli ya zamani ina upana wa mita moja kamili, na mpya ina milimita 1,435, kwa hiyo behewa la moja haliwezi kukanyaga nyingine. Nautaja upana huo kwa sababu ndio ulioamua hatima ya njia niliyokuja kuitazama. Waingereza walianza kujenga kutoka Mombasa mwaka 1896 wakafika Kisumu mwaka 1901. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza Tanga mwaka 1893, wakajikongoja kupitia Korogwe na Mombo hadi wakafika Moshi mwishoni mwa mwaka 1911. Mataifa hayo mawili, yaliyotazamana kwa jicho la husuda kila upande wa Kilimanjaro, yalikuwa yamechagua upana uleule wa mita moja, na kati ya Voi na reli ya Wajerumani palibaki takriban kilomita 150 tu za nyika kavu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani waliiteka Taveta mwezi huohuo, na kutoka huko wakawa wanatuma vikosi vidogo vyenye baruti kuvuka nyika na kulipua reli ya Mombasa. Jibu la Waingereza mwanzoni mwa mwaka 1915 lilikuwa kujenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea magharibi, ili jeshi lipate chakula, risasi na, zaidi ya vyote, maji. Njia hii haikubuniwa na mfanyabiashara wala mkulima, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu mojawapo ya kufa kwake mapema: iliwekwa pale jeshi lilipotaka kufika, na watu walioikuta walilazimika kuitafutia kazi baadaye.

Jioni nilikwenda makaburi ya vita ya Voi. Nyasi zimekatwa vizuri na mlinzi ni mpole; aliniletea kiti bila kuombwa. Hapo amezikwa Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Alikuwa amejeruhiwa mguuni, akaona kwamba majeruhi wenzake hawawezi kubebwa wote, akaamuru aachwe nao nyuma akitumaini kuwaokoa, na baadaye akapewa nishani ya Msalaba wa Victoria. Nilimuuliza mlinzi wapagazi wa Kiafrika wamelala wapi, wale waliobeba mizigo ya jeshi hilo na kufa kwa maelfu kwa njaa, homa na kuhara. Alitabasamu kidogo na kunyoosha mkono upande wa nyika. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani, na kuomba radhi, kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakupewa kumbukumbu iliyo sawa na ya wenzao.

Chumba safi mjini Voi kilinigharimu shilingi 1,200, na chakula cha jioni, wali kwa maharagwe na mchicha, shilingi 150.

Alhamisi: Mwatate na Bura

Matatu za Taveta hujaa polepole. Nilikaa kwenye kiti saa moja na nusu kabla ya dereva kuridhika, na tulipokaribia Mwatate gurudumu likapasuka. Hakuna aliyelalamika. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka maparachichi sokoni alitugawia kila mtu moja, akasema kuyabeba huku yanaiva ni hasara tupu, na kondakta akatoa kisu.

Mwatate kuna mashamba makubwa ya mkonge, mistari iliyonyooka hadi macho yachoke, na mkonge huo ulikuwa miongoni mwa mizigo iliyoipa reli hii riziki wakati wa amani. Reli inaonekana hapa na pale, imefunikwa na mchanga mahali ilipokatizwa na vijia vya ng'ombe.

Bura nilishuka kwa sababu ya maji. Milima ya Taita hapo hushika mawingu, na vijito vyake ndivyo vilivyolifanya jeshi la mwaka 1915 liweze kuishi katika nyika iliyo mbele. Mabomba yalilazwa kutoka milimani kufuata njia ya reli, lakini hayakutosha kwa maelfu ya watu, farasi na nyumbu, ndiyo maana treni zilibeba pia matangi ya maji. Nilikula kimanga, chakula cha Wataita, kwa mama mwenye kibanda karibu na barabara. Aliponiona napiga picha ya tuta la reli aliniuliza kama nimetumwa na serikali kupima ardhi, na nilipokana aliniongezea kijiko kingine.

Ushauri kwa watakaofuata: ukishuka Bura baada ya saa tisa alasiri, kupata matatu ya kwenda mbele ni bahati, maana nyingi hupita zimejaa kutoka Voi. Mimi nilibebwa na lori la vitunguu lililokuwa linarudi tupu, na dereva alikataa kabisa kupokea nauli.

Ijumaa: Maktau

Mwenyeji wangu alinitafutia kijana wa bodaboda ambaye pia huchunga mbuzi upande huo, kwa shilingi 1,000 za nusu siku. Mgeni asiende peke yake. Maktau imepakana na hifadhi ya LUMO na Hifadhi ya Tsavo Magharibi, tembo hukatiza reli na barabara wapendavyo, na kijana huyo alisimama mara kadhaa kutazama kinyesi kama bado kina unyevu.

Reli ilifika hapa Juni 1915, ikasimama. Mbele kulikuwa na Wajerumani katika Mbuyuni na kilima cha Salaita, na Waingereza walihitaji askari zaidi kabla ya kusogea. Kwa hiyo Maktau ikawa mwisho wa dunia kwa miezi saba hivi: mahandaki, uzio wa miiba, bohari, hospitali ya mahema, na kiwanja cha ndege ndogo za upelelezi, chombo ambacho watu wa nyika hiyo walikuwa hawajapata kukiona. Waliotandika reli walikuwa hasa mafundi wa kampuni za reli za jeshi la India, pamoja na vibarua kutoka India na wa hapa Afrika Mashariki. Baadhi ya Wahindi hao hawakurudi, na kando ya barabara kuna makaburi madogo ya askari wa India, yenye ukuta na lango lake.

Kutoka makaburini tulikwenda kwa miguu hadi kwenye reli. Nitaieleza jinsi nilivyoiona, kwa sababu picha zangu zina mwanga mbaya. Mataruma, yale ambayo reli huyalalia, ni ya chuma, yamepinda kidogo kingo zake na kuzama ardhini, na kati ya taruma na taruma kokoto zimefunikwa na udongo mwekundu ambao mchwa wameupandisha. Mgunga wenye unene wa paja umeota katikati ya reli mbili, umeisukuma moja nje kiasi cha upana wa kidole. Niliinama kwenye kiungo kimoja. Vibao viwili vya chuma vilivyokumbatia ncha za reli bado vipo, vina matundu manne, na boliti zimebaki tatu. Ya nne imeng'olewa zamani, maana tundu lake limejaa kutu ya rangi ileile ya mengine. Nilijaribu nati moja kwa vidole, haikutikisika.

Majengo ya stesheni hayana ukubwa wa kumshangaza mtu. Hakuna pa kununulia tiketi, hakuna kengele, na kivuli kizuri kuliko vyote wamekitwaa mbuzi. Hapo ndipo kijana wangu alipomwita mzee mmoja wa jirani aliyewahi kufanya kazi katika gengi la reli, yaani kundi la wafanyakazi wa kutunza njia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaomba tukae upande wa jua la asubuhi kwa sababu ya magoti yake.

Kwa maelezo yake, kila gengi lilikuwa na kipande chake cha njia, na mnyapara alikuwa anakijua kama ua wa nyumba yake. Asubuhi walipita kwa kiberenge, kigari kidogo cha reli, au kwa miguu wakigonga viungo kwa nyundo, na mlio ndio uliowaambia boliti gani imelegea. Treni haikuweza kuondoka stesheni moja kabla ya stesheni masta kupiga simu ya kuzungusha kwa mkono na kuambiwa na mwenzake wa mbele kwamba njia ni nyeupe, kisha akamwandikia dereva hati ya ruhusa. Ilikuwa treni ya mchanganyiko, mabehewa ya mizigo mbele na ya abiria nyuma, na ilisimama muda mrefu kiasi kwamba mtu aliweza kushuka, kunywa chai na kurudi kitini pake. Lakini alichokieleza kwa furaha kuliko vyote ni behewa la maji. Siku lilipofika, wanawake walipanga ndoo na madebe kando ya reli tangu alfajiri, na stesheni masta aliheshimiwa kuliko chifu kwa sababu ufunguo wa tangi ulikuwa wake.

“Mwanangu,” aliniambia, “watu husema reli hii iliuawa na lori. Lori lilikuja kumzika. Aliyemuua ni mpaka.”

Nilipochunguza tarehe nikiwa nyumbani niliona ana hoja. Baada ya vita njia hii iliunganisha Moshi na bandari ya Mombasa, na kahawa ya Kilimanjaro ikawa na milango miwili ya kutokea, Tanga na Mombasa, jambo ambalo wafanyabiashara wa Tanga hawakulipenda hata kidogo. Kuanzia mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, na behewa lililopakiwa Moshi lilipita Taveta na Maktau bila kubadilisha bendera. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikaufunga mpaka mwezi Februari, na kila nchi ikabaki na shirika lake la reli. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983, na mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ulitiwa saini Arusha mwaka 1984. Katika miaka hiyo sita na ushei wenye mizigo walikuwa wamejifunza njia nyingine. Njia ya Voi, ambayo maana yake yote ilikuwa kuunganisha, iligeuka kuwa kijitawi kinachoishia Taveta, na kijitawi hakilipi mishahara ya magengi.

Mzee alinionyesha taa yake ya mkono yenye vioo vya rangi tatu, kijani kikiwa kimepasuka. Nilitaka kumpa chochote akakataa, akasema ninunue sukari nimpelekee mkewe. Nilinunua kilo mbili.

Tahadhari kwa wapenzi wa kumbukumbu: usiokote hata msumari. Reli hizi ni mali ya umma, wizi wa vyuma umeziumiza njia nyingi, na mwaka 2022 serikali ya Kenya ilifikia hatua ya kuisimamisha kwa muda biashara yote ya vyuma chakavu. Mgeni mwenye boliti mfukoni atapata shida kujieleza kituoni.

Jumamosi: Mbuyuni, Salaita na soko la Taveta

Barabara ya lami kati ya Mwatate na Taveta ni nzuri kupita kiasi kwa anayekumbuka vumbi la zamani, na matatu inayokwenda mbio haimpi mtu nafasi ya kutazama. Nilimwomba dereva apunguze mwendo Salaita, akanicheka, kisha akasimama kabisa, na abiria wengine wakashuka kupiga picha pamoja nami.

Mbuyuni ilichukuliwa na Waingereza Januari 1916 na reli ikasogezwa nyuma yao. Tarehe 12 Februari walishambulia Salaita na wakarudishwa nyuma vibaya, hasa vijana wa Afrika Kusini waliokuwa ndiyo kwanza wamefika. Walioizuia hasara isizidi walikuwa Wabaluchi wa jeshi la India, ambao baadhi ya Waafrika Kusini hao walikuwa wakiwadharau kwa rangi yao. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, aliizunguka Salaita kwa upande wa ziwa Chala, Wajerumani wakaiacha wenyewe, na mafundi wa reli wakakimbiza njia kupitia mto Lumi hadi Taveta na kuendelea. Kila dereva wa njia hii atakusimulia habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani ya mbuyu akiwadungua askari mmoja mmoja. Nami nilisimuliwa na watu wawili, kila mmoja akinionyesha mbuyu wake.

Soko kubwa la Taveta ni Jumatano na Jumamosi, na ukifika siku hizo utafute malazi kabla ya kula, kwa sababu vyumba huisha mchana. Nilipata kimoja kwa shilingi 900, chenye ndoo ya maji ya moto na mbu wengi. Ndizi zinateremshwa kwa mikungu kutoka kila upande, nyanya na vitunguu vinavuka mpaka, na shilingi za nchi mbili zinahesabika kwenye kiganja kimoja. Chakula cha mchana kilikuwa ndizi za kupikwa na samaki, shilingi 250. Nilisimama stesheni ya Taveta nikayatazama malori yaliyopangana kusubiri forodha, yakiwa na shehena zilezile ambazo mabehewa yalibeba: saruji, mahindi, vitunguu.

Jumapili: Kuvuka Holili

Asubuhi nilipumzika. Mchana nilivuka. Tangu mwaka 2016 Taveta na Holili zinatumia utaratibu wa kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja, na anayetoka Kenya hukamilisha mambo yake yote upande wa Holili. Mkenya asidhani kitambulisho peke yake kinatosha: abebe pasipoti au achukue kibali cha muda cha kusafiria, na awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mimi nilicheleweshwa saa mbili kwa sababu mtandao ulikuwa umekatika. Dada mmoja aliyekuwa nyuma yangu, mfanyabiashara wa khanga, alinishikia nafasi kwenye foleni nikaenda kunywa maji, na niliporudi alikuwa amegombana na watu watatu kwa ajili yangu.

Pesa badilisha katika duka lenye leseni, si kwa vijana wa barabarani. Gari la Moshi kupitia Himo lilinitoza shilingi 3,000 za Tanzania.

Jumatatu: Kahe

Kahe iko kusini mashariki mwa Moshi, safari ya chini ya saa moja. Hapa ndipo reli ya Voi ilipoungana na reli ya Tanga mwaka 1916, wiki chache baada ya vita vya Machi ambapo Wajerumani walifyatua mzinga uliotolewa katika manowari yao Königsberg, kisha wakauharibu wenyewe walipokimbia.

Nilimwamkia ofisa wa zamu na kumweleza nilikotoka, na nawashauri wengine wafanye vivyo hivyo kabla ya kutoa simu, kwa kuwa kupiga picha miundombinu ya reli bila ruhusa huleta maswali. Alinipa ruhusa, akaniongoza mwenyewe hadi mahali njia ya Taveta ilipokuwa inachepuka. Tuta linaonekana wazi, limepinda kuelekea kaskazini mashariki, na mahindi yamepandwa hadi kwenye kingo zake.

Lakini reli ya Tanga yenyewe inang'aa. Nayo iliwahi kulala: treni za abiria zilikoma kwa takriban miaka ishirini na mitano, kisha mizigo ikarudi mwaka 2019, na Desemba mwaka huohuo abiria wa Dar es Salaam wakaanza tena kufika Moshi, na mwaka 2020 Arusha. Nilimuuliza ofisa kwa nini upande huu ulifufuka na ule wa Taveta haukufufuka. Alijibu bila kufikiri sana kwamba upande huu bandari, mji mkubwa na mizigo vyote viko katika nchi moja, na anayeamua kutoa fedha ni mmoja. Tangu kiungo cha Mnyusi na Ruvu kilipokamilika mwaka 1963, behewa la Moshi linaweza kufika Dar es Salaam bila kumwomba jirani ruhusa. Njia ya Taveta ingehitaji wizara mbili, mashirika mawili na bajeti mbili zikubaliane mwaka mmoja, ilhali upande wa Kenya sehemu kubwa ya mizigo ya reli ya bandari ya Mombasa imekwisha kuhamia kwenye reli ya upana mwingine. Hata mataruma yakifukuliwa na boliti zikarudishwa, mzigo wa kuingia reli hiyo mpya ungelazimika kushushwa na kupakiwa upya pale Voi.

Nilirudi kwa basi la Moshi kwenda Mombasa, linalopita Taveta, Maktau na Voi, na lilichelewa kuondoka kwa saa moja na nusu. Anayetaka kuiona Maktau bila kulala njiani amwambie kondakta tangu Taveta, akae upande wa mlango, na ajipe muda wa saa tatu kabla ya kusimamisha matatu ya Voi, kwa kuwa baada ya saa kumi na moja jioni magari hupungua na tembo huongezeka.